Kompyuta Inatazamaje Video? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Uganda

Ukurasa huu ni wa yeyote mwenye video nyingi kuliko muda wa kuzitazama: mwanafunzi anayerekodi magari pale Wandegeya, mhifadhi mwenye kadi za kamera za msituni, mpiga video za harusi wa Bombo au Arua, mwanahabari anayetafuta sekunde kumi ndani ya mkutano wa saa nne. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Video ni nini kwa kompyuta?

Ni namba tupu. Fremu, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ya 1920 kwa 1080 ina pikseli (nukta za rangi) 2,073,600, na kila pikseli hubeba namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kila sekunde. Zingehifadhiwa zilivyo, dakika moja ingekula takriban GB 11. Faili la simu yako halifiki hata karibu na hapo kwa sababu ya mbinu za kubana kama H.264, iliyotoka mwaka 2003. Fremu chache huhifadhiwa nzima. Kwa zile zinazofuata huandikwa tu kilichobadilika na kilikosogea. Maana yake ni kwamba ndani ya faili tayari mna habari za mwendo, na tangu 2018 wapo watafiti wanaozisoma moja kwa moja bila kulifungua faili lote.

Jambo la kushika mapema: video iliyopitia WhatsApp imebanwa tena. Vidole, namba za magari na nyuso za mbali huharibika hapo kwanza. Mwombe mtu faili lake la asili, hata kama itabidi umfuate na flashi.

Kwa nini nisichambue picha moja moja tu?

Kwa kazi nyingine inatosha. Ukitaka kujua kama gari lipo au halipo, picha moja inajibu. Lakini chukua klipu ya abiria anayepanda boda na ya abiria anayeshuka. Toa fremu yoyote katikati: mguu mmoja uko chini, mwingine juu ya tandiko, mkono begani kwa dereva. Picha hizo mbili hazina tofauti. Kinachozitenganisha ni kilichotangulia na kilichofuata.

Modeli nyingi (programu zilizojifunza kutoka kwenye mifano) zinazosifiwa kutambua matendo zimejifunza kutambua mandhari. Zikiona bwawa zinasema kuogelea, zikiona nyasi na mistari myeupe zinasema mpira. Ndiyo sababu mkusanyiko wa klipu uitwao Something-Something, ulioanza mwaka 2017, una thamani kubwa. Una vitendo 174 vya mikono kwenye vitu vya kawaida, kama kusukuma kitu kutoka kushoto kwenda kulia, na toleo lake la pili lina klipu zaidi ya 220,000. Humo mandhari hayasaidii. Asiyefuata mpangilio wa muda anashindwa.

Ukitaka kuijaribu modeli yako, ichezee klipu zile zile kinyumenyume. Ikiendelea kutoa majibu yale yale kwa kupanda na kushuka, haitazami video, inatazama picha.

Mbinu zimetoka wapi hadi kufika hapa?

Mwaka 1981 zilitoka kazi mbili, ya Lucas na Kanade na ya Horn na Schunck, zote zikiuliza jambo moja: pikseli iliyokuwa hapa, kwenye fremu ijayo imekwenda wapi? Jibu ni ramani ya mishale midogo inayoitwa mtiririko wa mwendo. Mwaka 1999 Stauffer na Grimson wa MIT walionyesha jinsi ya kutenganisha kinachosogea na mandhari yaliyotulia, kwa kuweka takwimu za kila pikseli kadiri muda unavyokwenda. Mbinu za ukoo huo bado zimo ndani ya OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha na video, ni za bure, na zinakwenda kwenye kompyuta ya kawaida kabisa. Kama kamera yako haisogei na shida yako ni kuhesabu vinavyopita, anzia hapo. Inaniuma kuona mwanafunzi akitafuta mashine ya mamilioni kwa kazi ambayo hesabu ya 1999 inaimaliza.

Kisha mitandao ya neva, yaani modeli zinazojifunza kupitia tabaka nyingi za hesabu, ikapata nguvu kwenye picha mwaka 2012, na video ikafuata. Mwaka 2014 Simonyan na Zisserman wa Oxford waliunda mtandao wa njia mbili: moja inatazama picha, nyingine inatazama ile mishale ya mwendo. Mwaka 2015 ikaja C3D, yenye vichujio vinavyopita kwenye upana, urefu na muda kwa pamoja. Mwaka 2017 Carreira na Zisserman walitoa I3D, wakiifunza kwa Kinetics, mkusanyiko wa vitendo 400, kila kimoja kikiwa na klipu zisizopungua 400 za sekunde kama kumi kutoka YouTube. SlowFast ya 2019 ilitazama kwa kasi mbili: upande mmoja fremu chache ili kujua vitu ni nini, upande wa pili fremu nyingi ili kunasa mwendo.

Tangu 2021 zinatawala transfoma, aina ya mtandao wa neva inayoelezwa kwenye swali linalofuata. Na mwaka 2022 ikaja VideoMAE, inayoficha asilimia 90 au zaidi ya video na kuitaka modeli ikisie kilichofichwa, bila mtu kuweka hata lebo moja, yaani jina la kinachotokea kwenye klipu. Kwetu sisi naiona hii kuwa hatua kubwa kuliko zote. Video ghafi za Uganda zipo tele. Zilizowekwa lebo ndizo adimu. Modeli inayoweza kujifunza kwanza kutoka kwenye video ghafi inatupunguzia mzigo.

Transfoma inafanya nini hasa na video?

Inaikatakata. Chukua fremu nane za pikseli 224 kwa 224, uzigawe katika vipande vya 16 kwa 16. Kila fremu inatoa vipande 196, zote nane zinatoa 1,568. Kila kipande kinabadilishwa kuwa orodha ya namba, kisha kinalinganishwa na vingine ili modeli ijue kipi kinahusiana na kipi: mkono huu na chupa ile, chupa ile na meza hii.

Tatizo ni gharama. Vipande 1,568 vikilinganishwa vyote kwa vyote unapata jozi karibu milioni 2.5, na hiyo ni klipu ndogo mno. TimeSformer ya 2021 ilipunguza kwa kugawa kazi: kipande kinalinganishwa kwanza na wenzake wa mahali pale pale katika fremu nyingine, kisha na wenzake wa fremu yake. Badala ya vipande 1,568, kila kimoja kinashughulika na mia mbili na kidogo. ViViT, ya mwaka huo huo, ilijaribu pia kukata vipande vyenye unene wa muda, vinavyobeba fremu zaidi ya moja. Ukisikia mtu anajisifu kwamba modeli yake inatazama video ndefu, muulize imepunguza vipi ulinganisho huu. Siri yote iko hapo.

Siwezi tu kuiuliza video swali kwa Kiswahili?

Siku hizi unaweza. Modeli zinazounganisha lugha na video zinapokea swali la Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kwa kutafuta mahali ndani ya mkutano mrefu, au kupata muhtasari, zinasaidia sana.

Jua tu kwamba hazitazami kila fremu. Gemini ya Google, kwa mfano, kwa kawaida huchukua fremu moja kwa kila sekunde. Mtu akiporwa simu dirishani kwenye foleni ya Jinja Road, mkono unaingia na kutoka kabla sekunde haijaisha. Tukio zima linaweza kuangukia katikati ya fremu mbili, na modeli itakujibu kwa utulivu kwamba hakuna kilichotokea. Kwa matukio ya haraka, kata klipu fupi, ipunguze kasi, kisha uliza. Na kila muda unaotajiwa, nenda ukautazame kwa macho yako kabla ya kuuandika popote.

Modeli za bure zitafanya kazi kwenye barabara za Kampala?

Kwa sehemu. YOLO, modeli ya kutambua vitu kwenye picha, na jamaa zake mara nyingi hufunzwa kwa COCO, mkusanyiko wa picha kutoka Flickr wenye aina 80 za vitu. Humo kuna mtu, baiskeli, pikipiki, gari, basi na lori. Taksi zetu za abiria 14, nyeupe zenye vimraba vya buluu, hazina jina humo. Modeli italazimika kuziita gari, basi au lori, na inaweza kubadili jina la taksi ile ile kutoka fremu moja hadi nyingine. Hesabu yako ya magari itaharibika bila kelele.

Boda ni kesi ngumu zaidi. Orodha ya COCO ina pikipiki na ina hata ndizi, lakini haina pikipiki iliyofunikwa na mikungu ya matoke mpaka tairi tu ndizo zinaonekana. Abiria wawili nyuma ya dereva, mmoja akiwa na mtoto mgongoni, ni watu wangapi? Modeli huona vichwa viwili au vitatu kulingana na pembe ya kamera. Anayetaka kuchunguza usalama barabarani anahitaji jibu hilo kuliko jingine lolote, na hawezi kulipata bila kuifunza modeli upya kwa video za hapa.

Mvua, vumbi na jioni bila taa za barabarani navyo vihesabu. Rekodi nyakati zote hizo, siyo saa nne asubuhi peke yake.

Je, inatambua ngoma zetu?

Kinetics ya vitendo 400 ina tango, salsa, zumba, baleti, hata gangnam style. Haina bakisimba ya Baganda, haina larakaraka wala bwola za Waacholi, haina doluka ya Wanubi. Modeli ya aina hii imelazimishwa kugawa asilimia mia moja kwa majibu iliyonayo. Haina nafasi ya kusema haijui. Kwa hiyo kiuno cha bakisimba kitapewa jina la ngoma ya watu wengine, na kitapewa kwa uhakika.

Habari njema ni kwamba ngoma zinafundishika vizuri. Mwendo unajirudia, una mdundo, na mkao wa mwili uko wazi. Ukitoa kwanza nukta za viungo vya mwili, kisha uifunze modeli ndogo juu ya nukta hizo, rangi ya nguo na ukumbi haviipotoshi. Video za harusi na za mashindano ya shule ziko majumbani kote nchini. Natamani sana kuona mtu akizikusanya kwa idhini ya wenyewe, akakaa na wachezaji wazee wakamtajia kila hatua kwa jina lake.

Nianze na klipu ngapi, na nani aweke lebo?

Idadi kwanza. UCF101, iliyotumika miaka mingi, ina klipu 13,320 kwa vitendo 101, wastani wa 130 hivi kwa kila kimoja. Leo, ukitumia modeli iliyokwisha kufunzwa na wewe ukaifunza tabaka la mwisho tu, klipu 50 hadi 100 kwa kila lebo zinatosha kuonyesha kama wazo lina uhai.

Swali la nani ndilo zito, na ndilo linalopuuzwa. Lebo ndiyo kazi yenyewe. Modeli huja baadaye. Tazama video zako muda mrefu kabla ya kuandika orodha yoyote. Kisha andika maana ya kila lebo, pamoja na kesi za mpakani: boda iliyosimama huku injini inanguruma, imeegeshwa au inasubiri abiria? Mtu aliyeweka mguu mmoja barabarani, anavuka au bado? Wape watu wawili klipu mia moja zile zile bila wao kuonana, kisha pima makubaliano yao kwa kipimo cha Cohen cha mwaka 1960, ambacho sifuri ni bahati nasibu na moja ni kukubaliana kabisa. Wanapopishana, usikimbilie kusema mmoja amekosea. Mara nyingi lebo yenyewe haikuelezwa sawasawa.

Na wachague wanaokijua wanachokitazama. Dereva wa boda aliyekaa steji miaka mingi anajua, kwa namna mtu alivyogeuza shingo, kwamba huyo anatafuta usafiri na hana nia ya kuvuka. Mwanafunzi wa kompyuta hajui. Mama muuza samaki pale Owino anajua kama mteja ananunua au anauliza bei tu. Walipe watu hawa vizuri, wataje kwenye kazi yako wakiridhia, na uwaonyeshe matokeo. Makerere wamefanya kazi na wakulima kwa miaka kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za simu, na mafanikio yale yalitegemea watu walioweza kutofautisha batobato na michirizi ya kahawia wakiwa shambani.

Zana za kuweka lebo zipo za bure: CVAT na Label Studio kwa kazi nyingi, ELAN kwa lugha na ishara.

Modeli yangu imepata asilimia 98. Nifurahi?

Bado. Uliza kwanza uligawaje data. Ukikata video moja vipande kumi, ukaweka saba kwenye mafunzo na vitatu kwenye majaribio, modeli imeshaona ukuta ule, jua lile, mashati yale. Inakumbuka, haitambui. Gawa kwa video nzima. Vizuri zaidi, gawa kwa mahali na siku. Funza kwa Wandegeya, jaribu kwa Kibuye.

Pili, kama tukio unalolitafuta liko katika klipu moja kati ya mia, modeli inayosema “hakuna kitu” kila mara itapata asilimia 99. Angalia matukio mangapi ya kweli imeyanasa, na kengele ngapi za uongo imepiga.

Inaweza kufasiri Lugha ya Alama ya Uganda?

Maneno yaliyotengwa, ndiyo, kwa kiasi. Mazungumzo yanayotiririka, bado ni kazi ngumu. Katiba ya 1995 inataja ukuzaji wa lugha ya alama kwa viziwi, kwa hiyo msingi wa kisheria tunao tangu zamani. Kiufundi, MediaPipe, zana ya Google ya kufuatilia mwili, inatoa nukta 21 kwa kila mkono, 33 kwa mwili na 468 kwa uso, hata kwenye simu. Wengi huchukua mikono na kuuacha uso. Wasifanye hivyo: katika lugha nyingi za alama, nyusi na kinywa hubeba sarufi, kama vile kutofautisha swali na kauli. Mkalimani aliyewekwa kwenye kona ya skrini ya taarifa ya habari naye ana uso wa pikseli chache mno. Rekodi upya, karibu, kwa mwanga wa kutosha, na viziwi wenyewe wawe wenye mradi tangu siku ya kwanza. Chama cha taifa cha viziwi, UNAD, ni mlango wa kubisha.

Na sauti? Filamu zetu zina VJ juu yake.

Hapo kuna utajiri. VJ wa kibandani, yule anayesimulia filamu kwa lugha ya watazamaji, hatafsiri tu. Anatania, anataja mitaa ya Kampala, anaongea juu ya milio ya risasi na muziki. Modeli inayosikiliza inapata sauti tatu kwa mpigo, na lugha zinazobadilika katikati ya sentensi. Whisper, modeli ya kugeuza usemi kuwa maandishi iliyotolewa 2022 baada ya kufunzwa kwa saa 680,000 za sauti, inajua Kiswahili lakini Kiganda hakimo katika lugha zake. MMS ya Meta ya 2023, yenye lugha zaidi ya 1,100, inacho Kiganda, na Common Voice, mkusanyiko wa sauti zilizochangwa na watu, ina rekodi za lugha zote mbili unazoweza kufunzia. Tenganisha kwanza sauti ya VJ na ya filamu kwa programu ya kutenga sauti, ndipo uandike maneno.

Kamera za msituni zinajaza kadi kwa majani yanayotikisika. Nifanyeje?

Pitisha kila kitu kwanza kwenye MegaDetector, inayotambua mnyama, mtu au gari, na uweke kando klipu tupu. Usizifute mpaka umekagua sehemu yake, kwani wanyama wadogo hupita bila kuonekana. Zaidi ya hapo mambo yamekwenda mbali: mwaka 2019 kundi la Oxford lilitambua sokwe 23 mmoja mmoja kwa nyuso zao katika video za miaka 14 kutoka Bossou, Guinea, kwa usahihi wa asilimia 92.5. Anayefanya kazi Kibale au Budongo aanze kwa kuisoma kazi ile.

Nahitaji kompyuta gani?

Ndogo kuliko unavyofikiri. Punguza video iwe na upana wa pikseli 320 kwa FFmpeg, programu ya kubadili video, chukua fremu chache, na utumie Google Colab, yaani kompyuta za Google kupitia mtandao, usiku data inapokuwa nafuu. Kinachokwamisha watu zaidi ni kupakia faili kubwa. Kata na punguza nyumbani kwanza.

Sheria inasemaje kuhusu kurekodi watu?

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inadai idhini, inadai uwe na kusudi linalojulikana, na kwa mtoto inadai idhini ya mzazi au mlezi. Mkusanyaji wa data za watu anajiandikisha kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Kama shida yako ni kuhesabu magari, fifisha nyuso na namba za magari mara tu baada ya kurekodi, ubaki na hesabu.

Kutambua nyuso ni jambo jingine, na ningependa kila msomaji alipime kwa uzito. Mwaka 2019 Polisi ya Uganda ilithibitisha kwamba inaweka mfumo wa kamera wa Huawei wenye uwezo huo, kwa gharama ya dola milioni 126. Mwaka mmoja kabla, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara inayokisia jinsia kwa uso, wakakuta makosa yanafika asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kwa wanaume weupe yakiwa hayazidi 0.8. Mifumo imeboreshwa tangu hapo. Hata hivyo, asiyepima kwa nyuso za watu wa hapa hana haki ya kuwaambia watu wa hapa kwamba inafanya kazi.

Nihifadhije klipu zangu?

Faili la asili lisiguswe. Fanya kazi kwenye nakala. Jina la faili liwe na tarehe, mahali na namba ya kamera, bila nafasi wala alama za ajabu. Kando yake weka jedwali moja: nani alirekodi, nani aliridhia na kwa matumizi gani, nani aliweka lebo, kwa toleo lipi la maelezo ya lebo. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Mtu akirudi kuondoa idhini yake, jedwali hilo ndilo litakuonyesha klipu zipi za kufuta, na modeli zipi zilifunzwa nazo.